Koti la Watu Watatu

Belo lilifunguliwa Karume saa kumi na mbili na robo,
mikono ikazama kabla muuzaji hajamaliza kukata kamba.
Koti lilikuwa chini kabisa, limekunjwa kama kosa,
rangi ya zambarau iliyoiva, bitana inateleza,
na mfuko wa ndani una tiketi ya treni
ya mji ambao hakuna aliyeweza kuutamka.
Elfu kumi na nane.
Luhende alikuwa na saba, Kidawa sita,
Mwarami akatoa tano na kuomba asiulizwe zimetoka wapi.

Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa. Mimi nilifika Jumapili,
Mburahati, mvua imekatika sasa hivi,
nikawakuta wakipuliza pasi ya mkaa
na kubishana nani aanze kuvaa.

Nilikuwa nimetumwa. Bora niseme.
Barua ilitaka vijana, mitindo na hali halisi,
na hali halisi, kwa aliyeandika, ilikuwa na sura yake:
bati lenye kutu, mtoto peku, mtaro.
Mtaro ulikuwepo. Sikuhangaika kuutafuta.
Unapita nyuma ya cherehani ya fundi Chande
ukiwa na kila kitu tulichokikataa.

Kidawa alikuja na viatu vyeupe ndani ya mfuko wa unga.
Akavuka ubao miguu mitupu,
akanawa kwa maji ya chupa, akajifuta kwa gazeti,
akafunga kamba polepole kama mtu anayetia sahihi.
Koti likampwaya. Akalibana kiunoni kwa mkanda wa kaka yake,
shingoni kitenge cha mama, upande ule usiochuja.
Kisha akasimama.
Si kule kusimama kwa kusubiri dawa dirishani.
Alisimama kama nyumba zote zimejengwa kumzunguka yeye.

Hapa hawasemi kupendeza. Wanasema kutokelezea:
kama mtu aliyekuwa ndani ya kitu,
akatoka.

Luhende akaniambia: Mtaro uukate, kaka.
Sogea huku, duka la dawa limepakwa rangi juzi.
Nami mguu nilishauinua.
Kidawa hakugeuza hata shingo.
"Uache hapohapo. Usipoonekana,
watajuaje kwamba nimeuvuka?"

Nikapiga.

Mwarami alivaa wa pili, mikono mifukoni,
vidole vikaikuta ile tiketi.
Hakuitupa. "Hii nitairudisha mwenyewe," akasema,
na hakuna aliyecheka, hata fundi,
ambaye huwa anacheka kila kitu.

Zilitundikwa Oysterbay, ukumbi wenye kiyoyozi.
Mama mmoja, mkarimu, glasi ya juisi mkononi,
aliniuliza wanawezaje kununua koti kama lile
ilhali choo wanachangia kaya sita.
Nilijibu vibaya. Nilisema: ni la mtumba,
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.
Nimelirudia jibu hilo usiku mwingi,
nikitafuta lingine. Bado sijalipata.

Picha zao sijawapelekea zote. Wananidai.
Mwezi uliopita nilipita na bahasha
nikamkuta Luhende kwa fundi Chande, kifua wazi,
sare ya ulinzi iko chini ya sindano.
Kapata kazi, lango la ghala, Vingunguti, zamu ya usiku.
Kampuni ilimpa shati la mtu mwenye watoto wakubwa.
Analipunguza kwa pesa yake, ubavuni, mikononi,
ananyoosha kola ambayo gizani
wataiona mbwa na madereva wa malori.

Nikainua kamera. Akainua kiganja.

"Subiri kwanza," alisema.
"Bega halijakaa."